Tajiri karudisha vitu 180 vya kale halafu kesi ikaisha, ni haki kweli?

Kaskazi77: Wakuu habari zenu. Kuna hii ishu ya Michael Steinhardt, yule bilionea wa New York. Desemba 2021 alikubaliana na waendesha mashtaka wa Manhattan asalimishe vitu vya kale 180, thamani yake dola milioni 70, vimetoka nchi 11, kina Ugiriki, Italia, Uturuki, Misri, Lebanoni, Libya huko. Akapigwa marufuku kununua vitu vya kale maisha yake yote, ila hakushtakiwa. Upande wake ulisema waliomuuzia ndio walimhakikishia mali ni halali. Ilitosha? Kwangu mimi haikutosha.

mama_Zuu: Haikutosha hata kidogo. Mimi kilichoniuma ni ule mchoro wa Hercules mtoto mchanga anamnyonga nyoka. Ulikuwa ukutani kule Herculaneum, mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, ukakaa chini ya udongo karne 19 hakuna aliyeugusa, halafu 1995 mtu anakuja anaukata kama keki na mwaka huo huo anauziwa Steinhardt kwa dola 650,000. Haya, umerudi Italia. Ulikuwa chumba gani? Ukuta wa pili yake ulichorwa nini? Nani atatuambia?

Kitwana_Mtaa: Mnahukumu haraka sana. Asingenunua yeye angenunua mwingine akafungia kabatini. Kile chombo cha kunywea cha fedha chenye kichwa cha kulungu, kimetoka Milas Uturuki, alikinunua 1991 kwa dola milioni 2.6 akakiazimisha kwa makumbusho ya Metropolitan kule New York tangu 1993, maelfu ya watu wamekiona. Na kwanza tusijifanye wasafi, Wamijikenda wa pwani ya Kenya si waliuza wenyewe vigango vyao, zile nguzo za kuchonga za wafu, kwa watalii? Mwenye mali akiuza, mnunuzi ana kosa gani?

Mwana_wa_Kaya: Kitwana futa hiyo kauli. WALIUZA nani? Kigango ni mzee aliyekufa wa Gohu, kile chama cha siri cha wazee wetu, anachongewa mti, anasimamishwa, na akishasimamishwa hang'olewi, hata mji ukihama yeye anabaki pale pale. Ndiyo maana wezi walivipata kirahisi, vimebaki mahameni peke yake. Unaongea kama vile kuna mtu alibeba babu yake akampeleka sokoni.

Kitwana_Mtaa: Sasa kaka, waliong'oa walitoka mbinguni? Si vijana wa hapo hapo kijijini? Jibu hilo bila hasira.

Mwana_wa_Kaya: Vijana wa hapo hapo ndiyo, na waliiba, hawakuuza chao. Mwanao akiiba cherehani yako akaipeleka mjini, wewe umeuza cherehani? Viwili vilivyoibwa 1985 vilikuja kukutwa Marekani, vikarudi kwa familia yenyewe 2007, miaka 22 wazee wanalalamika. Makumbusho ya Denver huko huko Marekani nao wakarudisha 30. Kama vingeuzwa kihalali wangerudisha vya nini?

Chuma_Dume: Mimi namuunga mkono Kitwana kwenye moja tu, njaa. Huyo kijana kapewa hela ya unga wa wiki moja, huko mbele kinauzwa maelfu ya dola. Na Italia ni hivyo hivyo, wale wachimba makaburi usiku wanatembea na nondo ndefu wanachoma ardhi, ikigonga utupu wanajua hapa kuna kaburi. Anayepata hela sio mwenye nondo.

mama_Zuu: Njaa isiwe kisingizio kila siku jamani, wenye njaa ni wengi na hawachimbui maiti.

Chuma_Dume: Dada umeshawahi kulala njaa wewe? Naomba unijibu hilo kwanza.

mama_Zuu: Nimelea watoto wanne kwa vitumbua, usinifundishe njaa.

Kaskazi77: Jamani turudi kwa Steinhardt. Waendesha mashtaka walisema vitu 171 kati ya 180 vilionekana kwanza mikononi mwa watu waliokuja kujulikana ni walanguzi, na zaidi ya 100 vilipigwa picha vikiwa bado na udongo. Udongo! Mtu anaonyeshwa sanamu ina tope, atasema alidhani imetoka kwenye mkusanyiko wa zamani wa familia gani?

Msomaji_Pwani: Hapo kwenye picha ndipo penyewe. 1995 polisi walivamia ghala la Giacomo Medici, mlanguzi Mwitaliano wa vitu vya kale, kule Geneva, wakakuta picha za Polaroid maelfu, vyungu vimevunjika vimelazwa juu ya magazeti. Polaroid walizipenda kwa sababu haiendi studio kusafishwa, hakuna shahidi. Ila zile Polaroid za aina ya SX-70 zilitoka 1972, baada ya mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya vitu vya kale, kwa hiyo kitu kikionekana humo bado kina udongo, ni dalili kubwa kwamba kilichimbuliwa baada ya mkataba. Medici akahukumiwa Roma 2004.

Kitwana_Mtaa: Sawa, hiyo ya picha imeniingia. Na wewe wa Kaya, neno "waliuza" nalirudisha, nimekosea. Lakini la makumbusho bado nabisha, kitu kikiwa Metropolitan kinaonwa na dunia nzima.

Mwana_wa_Kaya: Kinaonwa kikiwa kimekufa. Mimi nilikuwa darasa la tano tulipokuta cha kwetu kimekatwa, kimebaki kisiki cha vidole vinne hivi, kimekatwa kwa msumeno kwa sababu unga wa mti ulikuwa bado mweupe chini. Bibi alikuwa amebeba mnazi, ile pombe, wa kumwagia. Akasimama pale, hakulia, akapiga magoti akaumwaga ule mnazi juu ya kisiki, akaongea nacho vile vile kama siku zote, majina yote ya watoto waliozaliwa mwaka ule.

Chuma_Dume: Pole sana kaka. Hicho cha kwenu kilishapatikana?

Mwana_wa_Kaya: Bado. Bibi ameshafariki, mama ndiye anaenda sasa na mnazi.