Xenia na Briareum zinateka tangi: kung'oa, kutenga au kuzinyima chakula?

Kasa_Mdogo: Habari zenu wakuu. Kwenye tangi langu la maji ya bahari, Xenia (tumbawe laini linalosambaa haraka) imeshapanda nguzo yote ya mawe ya katikati, na Briareum (tumbawe laini pia, ile ya zulia la zambarau na nyuzi za kijani) imebakiza vidole viwili kuifikia Acropora, tumbawe langu gumu. Naona njia tatu: kukwangua, kuhamishia kwenye jiwe la peke yake, au kushusha nitrati na fosfati ili zidumae. Ipi inafanya kazi kweli?

Fundi_Sampu: Hiyo ya tatu achana nayo. Ukishusha virutubisho hadi karibu na sifuri, Acropora unayotaka kuiokoa itapauka, na hapo unawakaribisha dinoflajelati (vijidudu vinavyotanda kama utelezi wa kahawia). Kwa Briareum, kutenga ndiyo dawa. Zulia lake hutambaa juu ya kitu kigumu, kwa hiyo weka jiwe lake katikati ya mchanga, lisiguse jiwe lingine wala kioo. Angalia ukingo: ile ngozi nyembamba ya zambarau isiyo na nyuzi bado ndiyo inayosonga mbele. Ikipanda kioo, pitisha wembe chini yake, hutoka kipande kizima.

MamaMatumbawe: Naunga mkono, ila mchanga hauzuii kila kitu. Capnella (tumbawe laini lenye umbo la mti) hudondosha vitawi, mkondo unavibeba hadi nyuma ya mawe. Xenia nayo, kipande kikipeperuka kinashika popote. Ndiyo maana sikubaliani na kukwangua ndani ya tangi. Toa jiwe, ng'oa mguu pamoja na ganda la jiwe lenyewe kwa koleo.

Kasa_Mdogo: Jiwe halitoki dada, limeshikwa na epoksi.

MamaMatumbawe: Basi chokaa. Koroga kalsiamu hidroksidi na maji yasiyo na chumvi iwe uji mzito, zima pampu, idunge Xenia kwa sirinji na umwagie kidogo juu. Acha itulie kabla ya kuwasha tena. Kidogo kidogo kila siku, maana chokaa hupandisha pH na samaki hawatakusamehe. Discosoma (matumbawe ya uyoga) nazo hivyo hivyo. Ukizikata tu, mguu uliobaki unaota nyingine.

Bw_Chumvi: Kabla hujashika koleo, una Zoanthus au Palythoa (viumbe jamaa wa matumbawe, kama vifungo vidogo) kwenye jiwe hilo?

Kasa_Mdogo: Palythoa zipo chini, za kahawia.

Bw_Chumvi: Hapo simama kwanza. Baadhi zina palitoksini, sumu kali sana. Usizisugue, usizimwagie maji ya moto, na kamwe usichemshe jiwe lenye Palythoa. Watu wamelazwa hospitali kwa kuvuta mvuke wake. Glavu, miwani ya kinga, na kidonda chochote mkononi kifunikwe. Mimi nisingezigusa kabisa, ningeanza na Xenia za juu.

Fundi_Sampu: Na weka mkaa amilifu mpya kwenye sampu (tangi dogo la kuchujia maji) siku ya kazi, kisha badilisha maji. Matumbawe laini yakijeruhiwa hutoa kemikali zinazosumbua yale magumu.

Pweza77: Mie naona mnaionea Briareum. Iachie kioo chote cha nyuma, inapendeza kuliko plastiki nyeusi. Mradi mawe yasiguse kioo hicho.

Kasa_Mdogo: Yangu yanagusa sehemu moja tu, pembeni.

Pweza77: Hapo pembeni ndipo itakapovukia. Acha upenyo wa wembe kupita, au usianze kabisa.