Naomba ushauri: raba mpya za breki ya mbele zinapiga kelele

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wanaozijua baiskeli za mbio. Yangu ni ya breki za kukaba rimu, rimu za aluminiamu, na nimebadilisha raba zote: zile za kuchomeka kwenye kibebeo na kubanwa kwa skrubu ndogo.

Nyuma pametulia kabisa. Shida iko mbele. Nikikamata breki taratibu inalia hadi watu wanageuka, na raba ya kulia inawahi kugusa rimu kabla ya kushoto. Upande uliozibwa wa kibebeo nimeuelekeza mbele, maana ukikaa nyuma rimu itaikokota raba ichomoke. Raba haigusi tairi, na rimu nimeifuta kwa spiriti.

Sasa fundi wa mtaani anataka kupinda mkono wa breki (ule unaoshika kibebeo, si wa kukamata kwenye usukani) kwa koleo ili ncha ya mbele ya raba itangulie kugusa. Kuitanguliza kidogo, chini ya milimita moja, najua kunapunguza kelele, lakini aluminiamu ikipindwa inaweza kupasuka. Mimi nateremka Lushoto hadi Mombo, kona kali, malori yanapanda. Breki ya mbele siwezi kuibahatisha.

Kuna aliyefanikiwa kwa kuweka kipande cha kadi kati ya rimu na ncha ya nyuma ya raba wakati wa kukaza boliti? Na hiyo ya kulia kuwahi, nilegeze boliti iliyo nyuma ya uma (ile panda inayoshika gurudumu la mbele) niisogeze breki nzima, au nianze na skrubu ndogo ya pembeni mwa breki? Mwenye uzoefu tafadhali anielekeze, wikiendi nataka kushuka.