Tope la majitaka lenye chembe za nano: liende shambani au la?

Mzee wa Mboji: Wakuu, tope la mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti, lina naitrojeni na fosforasi tunayoinunua ghali dukani. Ila siku hizi limebeba na chembe za nano, vipande vidogo mno visivyoonekana kwa macho: madini ya fedha ya kwenye soksi zisizonuka, zinki oksaidi na titani dioksaidi za losheni na rangi. Majitaka yakisafishwa, nyingi haziondoki na maji, zinatuama kwenye tope. Tulimwage shambani?

Fundi Udongo: Fedha ikikutana na salfa ya kwenye tope inageuka salfaidi ya fedha, haiyeyuki kirahisi. Makali yanapungua sana. Msitishe watu.

Kunde Mbichi: Kupungua siyo kuisha! Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa majibu 2013: tope lenye kiwango kidogo cha fedha ya nano, na nyasi za aina moja zikapungua uzito kwa 32%. Kule Kentucky, kwa tope lenye chembe za nano, mmea wa jamii ya kunde ulitoa vinundu vichache, vile vya mizizini vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Bila vinundu, kunde inajilishaje naitrojeni? Mtatulisha sumu kama mchicha wa bonde la Mto Msimbazi, Dar.

Binti Jangwani: Mchicha wa Msimbazi ndio ulionisomesha. Mama alikuwa tutani alfajiri, miaka yote. Wewe umewahi kumwagilia hata tuta moja?

Kunde Mbichi: Sijamgusa mama yako, dada. Metali zenye sumu, risasi na kadmi, zimepimwa kwenye mboga za pale tangu miaka ya tisini.

Binti Jangwani: Na aliyezimwaga mtoni ni nani, mkulima? Uchafu unatoka juu, lawama zinashuka bondeni. Kila mjadala wa sumu lazima mchicha wetu utajwe!

Mpita Njia: Dada ana haki. Halafu Uswisi si walishapiga marufuku tope mashambani? 2006 kama sikosei.

Fundi Udongo: Uamuzi ni wa 2003, na haukuwa kwa ajili ya nano. Usichanganye mambo.

Mpita Njia: Kwa hiyo mimi ndiye nachanganya? Wewe umeambiwa habari ya vinundu, umekaa kimya.

Fundi Udongo: Sijakaa kimya. Tope lile la Kentucky lilitengenezwa kwa chembe nyingi makusudi. La kwetu nani amelipima?

Binti Jangwani: Basi lipimwe kabla halijaletwa bondeni. Tumechoka kuwa jalala.

Mzee wa Mboji: Mimi nina matuta mawili ya kunde, moja lilipata tope mwaka jana. Vinundu naviangaliaje?

Kunde Mbichi: Subiri zianze kutoa maua, mzee. Chimba pembeni, usivute, mizizi itakatika. Osha taratibu, hesabu, kisha pasua kimoja kimoja. Chekundu ndani kinafanya kazi. Haitakuambia kama ni nano au kadmi, lakini utaona kama tuta la tope limepungukiwa.

Binti Jangwani: Matokeo yaletwe hapa hapa, mzee, hata yakiwa mabaya.