Nimepungukiwa yuniti moja ya Historia, chuo kinaniambia "ulichagua mwenyewe"

Hamjambo wadau. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. Wewe uliye mwaka wa kwanza au wa pili wa BA, mwenye fikira ya kuja kufundisha baadaye, usipite uzi huu.

Jumanne nilikuwa saiba, duka la intaneti, hapa Kilifi, transkripti nimeikumbatia ndani ya bahasha ya kaki kama hati ya shamba. Nilitaka kuomba PGDE, ile diploma ya ualimu ya mtu ambaye tayari ana digrii. Dada wa saiba amejaza fomu za walimu mpaka anazijua kuliko wenyewe. Akaivuta transkripti, akachukua kalamu nyekundu iliyotafunwa kifuniko, akaanza kutia vyema pembeni. Kiswahili, kumi na nne, hakuna neno. Akaingia Historia. Moja, mbili, tatu... kufika ya saba kalamu ikasimama. Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akahesabu tena kwa ncha ya kalamu bila kuandika.

"Kaka, hizi ni saba. Ya nane iko wapi?"

Ya nane ipo! Niliisoma mwaka wa tatu na nikapata B. Mhadhiri alikuwa wa Historia, na tulikaa chumba kile kile cha Historia chenye feni mbovu. Tulisoma Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Azimio la Arusha la 1967, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivyovunjika 1977, na lile jaribio la mapinduzi hapa kwetu Kenya Agosti 1982. Sasa kama hiyo si historia ni nini, upishi? Lakini kwenye karatasi yuniti imeandikwa kwa kodi (ile alama ya utambulisho wa idara) ya Sayansi ya Siasa, kwa sababu mwaka ule idara mbili zilikuwa zikigawana mhadhiri mmoja. Sisi wanafunzi tuliambiwa "ni ile ile tu".

Si ile ile. Ili TSC, ile tume ya walimu, imsajili mwalimu wa sekondari, anatakiwa awe na masomo mawili ya kufundishia, na katika kila somo awe na yuniti zisizopungua 8 za digrii. Juu ya hapo, katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, awe na wastani wa C+ na C+ katika masomo hayo mawili yenyewe. Sharti hilo halijafichwa na mimi sina ugomvi nalo. Anayesimama mbele ya watoto kufundisha Historia awe ameisoma. Ugomvi wangu ni na watu walioketi ofisini wakiniangalia nachagua somo la pili (maina wanayoiita, yaani "minor", si Maina wa Nyeri) na wasinitajie nambari nane hata mara moja kwa miaka minne.

Nikumbushe siku yenyewe. Mwaka wa pili, wiki ya kwanza, foleni imetoka ofisini mpaka kwenye ngazi. Ikafika zamu yangu. Mshauri wa masomo hata hakuinua uso kwenye simu.

"Somo la pili?"

Nikamwambia nasitasita, nina Historia, Dini ya Kiislamu na Jiografia. Akaniambia, "Chagua unachopenda, kijana. Somo la pili ni la kupanua mawazo tu. Tia sahihi hapa."

Kupanua mawazo! Mawazo yangu sasa yamepanuka mpaka hayaingii mlangoni.

Hakuniuliza unataka kufanya kazi gani. Hakuniuliza KCSE ulipata nini. Jiografia nilikuwa na C ya kawaida, kwa hivyo ningeichagua, hata ningesoma yuniti ishirini na kuzoa A zote, TSC isingeniona, maana C ya kidato cha nne haifutwi na digrii. Na hili limempata mtu ninayemjua, tulilala bweni moja. Yuniti kumi za Jiografia, wastani wa B, KCSE C. Leo anauza kava za simu Mtwapa. Dini nilikuwa na A-, na ndiyo ingenifaa kupita zote, lakini iligongana na Fasihi Alhamisi asubuhi. Mtu mzima na digrii zake tatu ukutani akaona ratiba ya Alhamisi ni sababu tosha ya kuamua maisha ya mtoto wa watu.

Na hesabu yenyewe haikuhitaji profesa. Digrii ya miaka minne ina mihula minane. Yuniti moja ya somo la pili kila muhula, basi, umefika nane. Sisi muhula wa kwanza wa mwaka wa nne idara ilituambia hakuna yuniti ya Historia inayotolewa, mhadhiri yuko likizo ya masomo, "jazeni na chochote". Nikajaza na yuniti ya mawasiliano. Nikapata A. Hiyo A nikaifanyie nini, niikaange?

Jana nikapanda matatu kwenda chuoni. Idara ya Historia wakaniambia yuniti ile iko kwenye vitabu vya Siasa, nenda Siasa. Siasa wakaniambia yuniti ni yetu, na hatuwezi kuandika barua kusema yetu si yetu. Nikarudi Historia. Karani akafungua faili, akatoa ile fomu ya mwaka wa pili, akaweka kidole juu ya sahihi yangu. "Ulichagua mwenyewe." Kisha akaongeza, kwa upole ambao uliniudhi kuliko matusi, kwamba naweza kurudi kusoma yuniti moja kwa kulipia, lakini inatolewa muhula ujao, si huu.

Mama ameuza mahamri na mbaazi miaka minne ili nimalize. Nilipofika nyumbani akaniuliza, "Si ulishavaa joho wewe?" Nimjibu nini? Nimwambie joho lilikuwa na tundu?

Wasiotaka kufundisha nisiwatishe sana. Uchumi na Takwimu, kwa mfano, huko somo la pili linajitetea lenyewe kazini. Ila wa Sosholojia mnaobandika yuniti chache za Saikolojia mkidhani mmeshakuwa washauri nasaha, kuna sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014, isomeni kabla hamjachapisha kadi. Hadithi ni hiyo hiyo. Chuo kinakuuzia somo, masharti ya kazi unayakuta mlangoni.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu.

Uliyesema ningesoma BEd, digrii ya ualimu, tangu mwanzo, ahsante kwa busara ya juzi. BEd ndiyo niliyoijaza ya kwanza KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, na BA ndiyo niliyopewa.

Uliyesema Historia haina soko, gredi ya 10 imeanza Januari 2026 na Historia na Uraia imo kwenye mkondo wa Sayansi za Jamii. Kiswahili ndiyo usiseme. Soko nitalitafuta mwenyewe, kwanza niruhusiwe kuingia sokoni.

Na uliyeniuliza kwa nini sikuhesabu mwenyewe, hapo umenipata. Sikuhesabu. Nilidhani mtu anayelipwa kushauri huwa anashauri. Wewe uliye mwaka wa pili hesabu leo, na uangalie kodi ya yuniti, si jina lake, halafu uchukue ile karatasi yako ya KCSE uiweke kando ya fomu kabla ya kushika kalamu.

Sasa naomba msaada mmoja tu, porojo tuziweke kando. Kuna mtu hapa aliyewahi kuwa na yuniti yenye kodi ya idara nyingine ikakubaliwa? Barua uliandikiwa na nani, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo au msajili? Nitajieni cheo tu. Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwake.