Mrejesho: ile kompyuta ya Windows 7 iliyokuwa inajizima na skrini ya bluu

Wakuu, si niliwauliza wiki iliyopita kuhusu desktopu ya nyumbani, ukifungua tabu tatu nne tu za brauza inapiga skrini ya bluu yenye namba ya kosa 0x0000001A halafu inajiwasha upya, wengi mkasema piga windows upya, mmoja akasema hiyo namba ni ya memori nipime kwanza RAM, yaani vile vipande vya memori. Basi aliyesema RAM anidai soda.

Nikaweka Memtest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiacha inapima usiku, asubuhi skrini imejaa mistari myekundu kama daftari la form two. Zipo RAM mbili za 2GB, nikachomoa moja nikapima, safi, nikarudisha ile nyingine peke yake, myekundu tena. Nikaisugua zile meno za dhahabu kwa raba ya penseli, nikapima, bado ileile, kwa hiyo imekufa kweli. Na feni ya prosesa ilikuwa na vumbi limeshikana kama sufi ya mto, sijui ilikuwa inapumuaje.

Nimenunua RAM ya mtumba ya 2GB, aina ya DDR3, siku ya tano leo haijazima hata mara moja, na windows sijagusa.

Ila mlionikumbusha kwamba Windows 7 iliacha kupewa maboresho ya usalama Januari 2020 nimewasikia, mambo ya benki nafanyia kwenye simu, hii imebaki ya madogo kuchapa homuweki na kucheza solitea.