Kikundi cha Ukoo: Kupima Mafuta kwenye Damu Jumamosi

Dada Zainabu: Habari za jioni, ndugu zangu. Nawakumbusha kwamba Jumamosi asubuhi sote tunakwenda maabara kupima mafuta kwenye damu, na kila mtu afunge kuanzia Ijumaa saa 2 usiku. Naomba kila mmoja athibitishe hapa hapa kikundini, asinipigie simu pembeni.

Dada Zainabu: Naona watu 11 wamesoma na hakuna aliyejibu.

Juma: Nimesoma, dada, ila nilipofika kwenye neno "afunge" vidole vikakataa kuandika.

Asha: Shikamoo Dada Zainabu, shikamooni wakubwa wote. Sisi tunaofanya kazi maabara tunajua kwamba si lazima wote wafunge. Kolesteroli ya jumla na HDL, ile iitwayo kolesteroli nzuri, hazibadiliki sana baada ya mlo. Zinazopanda ni trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu. Mwaka 2016 wataalamu wa Ulaya wa magonjwa ya mishipa na wa maabara walishauri kwamba kipimo cha kawaida kifanywe bila kufunga, na arudie akiwa amefunga yule ambaye trigliseridi zake zimezidi 5 mmol/L. Anayefunga anaruhusiwa kunywa maji, na anayetumia dawa za kolesteroli asiziache ili majibu yapendeze.

Juma: Asha, Mungu akupe maisha marefu. Dada, mstari wa kufunga ufutwe.

Dada Zainabu: Juma, hili si jambo la mzaha. Asha, ungenieleza mapema kabla sijatangaza. Wengine mko wapi?

Kaka Hamisi: Mimi nilipima mwezi uliopita, na karatasi ninayo hapa. Jumla ni 224, HDL 42, trigliseridi 460, zote kwa mg/dL, na kwenye LDL, ile kolesteroli mbaya, wameweka kistari tu. Kama kungekuwa na tatizo wangeandika namba, kwa hiyo sioni sababu ya kurudi huko.

Juma: Kaka Hamisi, 224! Mimi jumla yangu ni 5.8 tu. Kumbe damu yangu bado ni ya ujana.

Asha: Kaka Juma, wewe na Kaka Hamisi mna jumla ile ile. Ya kwako imeandikwa kwa kipimo kingine, mmol/L; kuipeleka kwenye mg/dL, zidisha 5.8 kwa 38.67 uone utakapofika. Kaka Hamisi, trigliseridi zako 460 zimepita ile 5 mmol/L niliyotaja, na kistari hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Maabara nyingi haziipimi LDL yenyewe, bali huikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: unachukua jumla, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 5. Trigliseridi zikizidi 400 makadirio hayo hayaaminiki, hivyo maabara huacha kuandika namba, na kistari maana yake ni kwamba hesabu imeshindikana. Hata hivyo ukitoa 42 kwenye 224 inabaki 182, ambayo ni kolesteroli yote iliyomo katika chembe zinazoweza kujishikiza kwenye kuta za mishipa, na hiyo si ndogo. Tunapozungusha damu kwenye mashine, majimaji yanayobaki juu huwa ya manjano na yanapitisha mwanga. Trigliseridi zikipanda mno huwa meupe kama maziwa, na mtu hahitaji hata kusubiri mashine kujua kwamba kuna jambo.

Kaka Hamisi: Kwa hiyo katika ukoo mzima mimi peke yangu ndiye wa kufunga na kurudia. Kila lililo zito huniangukia mimi. Hata karatasi ya majibu ya marehemu Baba ilipotoweka kabatini, jina la kwanza kutajwa lilikuwa langu.

Dada Zainabu: Hakuna aliyekutaja. Tuliuliza tu ufunguo ulikuwa kwa nani.

Kaka Hamisi: Na ufunguo ulikuwa kwa nani, dada?

Juma: Tuulize kwanza kama karatasi yenyewe ilikuwa ya mmol au ya mg.

Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Karatasi ya marehemu ninayo mimi. Alinikabidhi mwenyewe akaniomba nisiwatie hofu, nami nikanyamaza hata pale Hamisi aliposhutumiwa nikiwa nimeketi pale pale. LDL yake ilikuwa 241 mg/dL, naye hakuwa mnene siku zote za maisha yake. Yangu ilikuwa 6.4 mmol/L kabla sijaanza dawa. Daktari alinieleza kwamba hali yetu ni ya kurithi, na kila mtoto wa mwenye nayo ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuichukua. Nendeni mkapime.

Asha: Tumekusikia, Baba Mkubwa. LDL ya mtu mzima ikifika 190 mg/dL, yaani 4.9 mmol/L, daktari huanza kuulizia habari za ukoo, na zenu nyote wawili zimepita hapo. Basi Jumamosi si ya watu wazima pekee; watoto wa marehemu wakionekana wanayo, watoto wao nao wapimwe wakiwa bado wadogo. Kaka Hamisi, ukifunga kwa muda wa saa 9 hadi 12 na trigliseridi zisiposhuka, tutaomba LDL ipimwe moja kwa moja bila kukokotolewa.

Tatu: Shikamooni. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Wiki iliyopita nilikuwa na homa kali na bado nina udhaifu. Nije hivyo hivyo?

Asha: Subiri wiki kadhaa, dada. Ugonjwa mkali hushusha kolesteroli, na tunaweza kukuambia uko salama kumbe sivyo.

Dada Zainabu: Kwa hiyo Tatu hayupo. Waliothibitisha mpaka sasa ni mimi na Asha. Juma?

Juma: Nitakuja, dada. Sina mzaha tena.

Kaka Hamisi: Shikamoo, Baba Mkubwa. Ijumaa nitafunga. Ila nitakuja maabara baada ya kuiona ile karatasi kwa macho yangu, na Dada Zainabu awepo.

Dada Zainabu: Hilo la karatasi tutalizungumza. Wenye watoto, andikeni majina na umri wao kabla ya Alhamisi.

Dada Zainabu: Bado naona wanasoma tu.