Naomba ushauri, dada anataka kuacha tamoksifeni

Wakuu habari zenu, dada angu ana miaka 43, alitolewa titi mwaka jana kwa saratani, akapiga kemo na mionzi akamaliza, sa hivi yuko kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia saratani isirudi, miligramu 20 kila siku na daktari kasema ni miaka 5, inaweza kwenda hadi 10. Majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) yaliandikwa ER (estrojeni) chanya, PR (projesteroni, homoni nyingine ya kike) chanya, HER2 (protini inayokuza uvimbe) hasi, yani seli za uvimbe zina vipokezi vya estrojeni, homoni ikijishika pale ndo zinachochewa kugawanyika, na hiki kidonge kinawahi kukaa kwenye hicho kiti.

Tatizo anawaka moto usiku mpaka shuka linalowa, hedhi nayo imevurugika, halafu kuna mama wa kikoba anamshawishi aache vidonge anywe unga wa mitishamba wa "kubalansi homoni". Mi huo unga siuamini hata kidogo, nani anajua una nini ndani?

Waliopitia hili mlituliza vipi hilo joto? Duka la dawa walitaka kumpa fluoksetini (dawa ya sonona) ila nimesoma inaweza kuvuruga kazi ya tamoksifeni. Na kuhusu sindano ya kuzimisha ovari kisha kuhamia anastrozoli (kidonge kinachopunguza estrojeni mwilini), kuna aliyefanyiwa, na bima ilibeba?